Tumbo la Mtoto na Maziwa ya Kopo: Kinachomsumbua ni Nini Hasa?

Mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya kopo huhitaji takribani mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Kwa hiyo mtoto wa kilo 5 hunywa kama mililita 750. Hesabu hiyo ukiihamishia kwa mtu mzima wa kilo 60, angetakiwa anywe lita 9 za maziwa kwa siku, usiku na mchana, huku muda mwingi akiwa amelala chali. Kwa chakula hicho kimoja tu, mtoto hukua hadi uzito aliozaliwa nao unakuwa maradufu anapokaribia miezi mitano. Hakuna wakati mwingine maishani ambapo tumbo la binadamu hubebeshwa mzigo kama huo, na hubebeshwa likiwa bado halijakomaa.

Tukiishika hesabu hii, mambo mengi yanayowatia wazazi hofu huanza kueleweka: kucheua, gesi, kujikunja, choo kigumu, kilio cha jioni kisichobembelezeka. Mara nyingi mzazi hulishuku kopo kwanza. Hulibadilisha, kisha hubadilisha tena, na kila kopo lina bei yake. Swali la kisayansi ni hili: katika hayo yote, lipi linatokana na maziwa, na lipi linatokana na uchanga wa tumbo lenyewe? Njia nzuri ya kulijibu ni kuyafuata maziwa kutoka mdomoni hadi kwenye nepi, hatua kwa hatua.

Maziwa ya mama ndiyo chakula bora, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye bila kuchanganyiwa kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza. Lakini wapo watoto waliofiwa na mama, wapo akina mama wanaotumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, na wapo wanaorudi kazini likizo inapokwisha: siku 84 Tanzania kwa mtoto mmoja, miezi mitatu Kenya. Wazazi hawa wanastahili elimu sahihi, si lawama.

Maziwa yana nini ndani

Maziwa ya mamalia wote yana vitu vilevile: maji, sukari iitwayo laktosi, mafuta, protini na madini. Kinachotofautiana ni vipimo, na vipimo hufuata kasi ya ukuaji. Ndama huongeza uzito wake maradufu kwa muda usiofika miezi miwili, hivyo maziwa ya ng'ombe yana protini kama gramu 3.3 katika kila mililita 100. Mtoto wa binadamu hukua polepole zaidi, na maziwa ya mama yake yana takribani gramu 1. Kwenye sukari mambo ni kinyume: maziwa ya mama yana laktosi kama gramu 7, ya ng'ombe hayafiki 5.

Protini na chumvi zinapozidi mahitaji ya mwili, mabaki yake hutolewa na figo kwa mkojo. Figo za mtoto mchanga haziwezi kuukoleza mkojo kama za mtu mzima, kwa hiyo hutumia maji mengi kufanya kazi hiyo, na mtoto huweza kuishiwa maji mwilini. Aidha, maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno. Ndiyo sababu hayamfai mtoto wa chini ya miezi sita yakiwa kama yalivyokamuliwa.

Jitihada za kuyarekebisha zina zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1865 mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliyachanganya na unga wa ngano na kimea, kimea kikiwa na kazi ya kusaidia kuvunja wanga. Mwaka 1867 Henri Nestlé alitengeneza unga wake wa maziwa, ngano na sukari huko Vevey, Uswisi. Viwanda vya leo vimeachana na ngano. Hupunguza protini hadi gramu 1.3 hivi, huongeza laktosi ikaribie ile ya mama, huweka mafuta ya mimea, kisha huongeza chuma na vitamini. Vipimo vimesogea karibu sana na vya mama. Umbo la vitu vyenyewe, hata hivyo, halijafanana kabisa, na tofauti hizo tutazikuta njiani.

Mdomoni: hewa

Mtoto anaponyonya titi, yeye ndiye anayeongoza: akivuta, maziwa huja kwa wingi, akipumzika, hupungua. Chupa iliyoinamishwa hutiririsha hata asipotaka. Tundu la chuchu ya chupa likiwa kubwa, hugugumia na kumeza hewa. Likiwa dogo mno, huvuta kwa nguvu na kumeza hewa vilevile. Zaidi ya hayo, maziwa yaliyotikiswa sana hujaa mapovu.

Hewa hiyo ni gesi ya kwanza tumboni, na haihusiani na aina ya kopo. Tiba yake ni mkao na mwendo. Mtoto akae ameinuliwa, chupa ishikwe ikiwa imelala karibu sambamba na sakafu lakini chuchu ikiwa imejaa maziwa, naye apewe vituo vya kupumzika. Maziwa yaliyochanganywa yaachwe kidogo mapovu yatulie. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kikombe kidogo badala ya chupa, hasa pale ambapo usafi wa chupa ni mgumu, na mtoto mchanga huweza kukitumia akishikiliwa vizuri.

Vipi kuhusu kumcheulisha baada ya kula? Hakumdhuru mtoto, na anayeonekana kutulia akibeua aendelee kusaidiwa. Ila jaribio lililofanywa India, likilinganisha watoto waliocheulishwa na wasiocheulishwa, halikuona kwamba vilio vilipungua. Mzazi ambaye mtoto wake amelala bila kubeua asijione amekosea.

Tumboni: kuganda na kucheua

Maziwa yakifika tumboni hukutana na asidi, na protini iitwayo kaseini huganda kuwa mabonge laini. Katika maziwa ya ng'ombe, kaseini ni kama asilimia 80 ya protini yote. Katika maziwa ya mama yaliyokomaa ni kama asilimia 40. Makopo mengi ya mtoto mchanga yamepunguza uwiano huo, lakini bado mabonge yake huwa magumu kidogo na hukaa tumboni muda mrefu kuliko maziwa ya mama. Ndiyo sababu mtoto wa kopo mara nyingi hukawia kuhisi njaa tena. Kushiba huko kwa muda mrefu si dalili kwamba maziwa hayo yana lishe zaidi. Ni kwamba yanachelewa kuondoka.

Juu ya tumbo, kwenye maungio na umio, kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi ya kufunga njia. Kwa mtoto mchanga msuli huu hulegea mara kwa mara. Sasa unganisha mambo matatu: chakula chote ni kimiminika, tumbo ni dogo na limejaa, na mwenye tumbo amelala. Maziwa yatarudi juu. Katika umri wa miezi minne hivi, watoto wanaocheua angalau mara moja kwa siku ni wengi kuliko wasiocheua; wakifikia mwaka mmoja hubaki wachache tu. Mtoto anayecheua huku akiongezeka uzito na akiwa mchangamfu hahitaji dawa. Apunguziwe kiasi cha kila mlo na kuongezewa idadi ya milo, ashikwe wima kama nusu saa baada ya kula, na alazwe chali wakati wa kulala. Unga wa uji usiongezwe kwenye chupa ili maziwa yawe mazito, isipokuwa daktari ameagiza.

Utumbo mwembamba: sukari na mafuta

Hapa ndipo kazi kubwa hufanyika. Mililita 750 za maziwa zina laktosi inayozidi gramu 50. Laktosi haiwezi kupenya ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Ni lazima ikatwe vipande viwili, glukosi na galaktosi. Kinachoikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, kilichokaa kwenye ncha za vinyweleo vidogo vya ukuta wa utumbo.

Wazazi wengi hufikiri hivi: mimi nikinywa maziwa tumbo huvuruga, bila shaka mwanangu amerithi. Wazo hilo lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba watu wazima wengi duniani hupungukiwa laktasi. Ni kweli pia kwamba baadhi ya jamii hubaki nayo: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha wafugaji wengi kuendelea kumeng'enya laktosi ukubwani. Lakini upungufu huo wa ukubwani huja baada ya umri wa kunyonya kupita. Mtoto kuzaliwa bila laktasi kabisa ni jambo la nadra mno, na mtoto wa namna hiyo huharisha vibaya tangu siku za mwanzo, hata kwa maziwa ya mama yake mwenyewe.

Hali inayotokea zaidi ni ya muda. Mtoto akipata ugonjwa wa kuharisha, ncha zile za vinyweleo huchubuka na laktasi hupotea pamoja nazo. Kwa siku au wiki kadhaa anaweza kutoa choo chepesi, chenye povu na kuunguza ngozi. Ukuta hujijenga upya. Cha kwanza ni maji ya ORS na zinki, na kuendelea kumlisha. Kubadili maziwa ni uamuzi wa mhudumu wa afya iwapo kuharisha kunaendelea.

Kuhusu mafuta, kuna jambo linaloeleza choo kigumu cha watoto wa kopo. Mafuta ya maziwa ya mama na mengi ya kopo yana asidi iitwayo palmitiki, lakini imefungwa mahali tofauti kwenye chembe ya mafuta. Katika maziwa ya mama imekaa zaidi katikati, nayo hunyonywa ikiwa bado imeshikana. Katika mafuta ya mawese, yanayotumika kwenye makopo mengi, imekaa pembeni. Kimeng'enya huikata, hubaki huru, kisha hushikana na kalisi na kuwa sabuni isiyoyeyuka. Aliyewahi kufua kwa maji magumu ya kisima anaujua utando mweupe unaobaki kwenye beseni: kemia yake ni hiyohiyo. Sabuni hiyo hupita hadi kwenye choo na kukifanya kigumu.

Hii ni tofauti halisi ya kopo na titi. Haina sumu, lakini ipo. Chuma kilichoongezwa kwenye maziwa, ambacho wengi hukilaumu, hakijaonekana kuleta ugumu wa choo watoto walipolinganishwa kwa majaribio. Kumnyima mtoto chuma ni kumtafutia upungufu wa damu.

Utumbo mpana: gesi na choo

Hata kwa mtoto mwenye afya, sehemu ya laktosi huponyoka bila kukatwa na kufika utumbo mpana. Huko bakteria huila na kutoa gesi. Kwa hiyo gesi ni ya kawaida, na mtoto anayetoa ushuzi mara nyingi anaondoa kile kinachopaswa kuondoka.

Maziwa ya mama yana kitu kingine cha ajabu: sukari za minyororo ziitwazo oligosakaridi, kati ya gramu 5 na 15 kwa lita. Mtoto hana kimeng'enya cha kuzivunja. Chakula hicho ni cha bakteria wake, hasa bifidobakteria, wanaotengeneza asidi na kuwabana vijidudu vya maradhi. Maziwa ya ng'ombe yana chache mno za namna hiyo. Baadhi ya makopo ya sasa huongezwa aina mojamoja, lakini maziwa ya mama yana zaidi ya mia moja. Kwa sababu hiyo choo cha mtoto wa kopo hutofautiana kwa rangi, harufu na uzito, na tofauti hiyo pekee si ugonjwa.

Tazama ulaini wa choo kabla ya kuhesabu siku. Mtoto mdogo anayekunja uso, akawa mwekundu na kulia kwa dakika kumi au zaidi, kisha akatoa choo laini, hajafunga choo. Bado hajajifunza kusukuma na kulegeza misuli ya chini kwa wakati mmoja. Atajifunza mwenyewe, na kumwingizia sabuni au kijiti njia ya haja kunamchelewesha na kunaweza kumjeruhi. Kufunga choo ni pale kinapotoka kama vijiwe vikavu.

Kilio kina kalenda yake

Hapa ndipo makosa mengi ya kufikiri hutokea. Mwaka 1962 daktari wa watoto T. Berry Brazelton wa Massachusetts, Marekani, alichapisha matokeo ya kumbukumbu zilizoandikwa na akina mama 80 kuhusu vilio vya watoto wao wenye afya. Kilio kiliongezeka wiki baada ya wiki, kikafika kilele kwenye wiki ya sita kwa karibu saa tatu kwa siku, hasa jioni, kisha kikashuka.

Je, chanzo chaweza kuwa chupa? Mwaka 1991 Ronald Barr na wenzake walichapisha vipimo vya vilio vya watoto wa jamii ya !Kung wa Kalahari, nchini Botswana. Watoto wale hubebwa karibu muda wote na hunyonya mara nyingi kila saa. Nao walikuwa na kilele chao cha mapema. Tofauti ilikuwa kwamba vilio vyao vilikatika upesi. Kilele hicho, basi, kinafuata umri wa mtoto, wala hakiletwi na aina ya maziwa.

Sasa fuata mtiririko huu. Mtoto anaanza kulia sana wiki ya nne. Wiki ya tano kopo linabadilishwa, bado analia. Wiki ya saba linabadilishwa tena. Wiki ya tisa ametulia, na kopo la tatu linapewa sifa zote, jirani anashauriwa alinunue. Lakini mtoto yule angetulia hata kwa kopo la kwanza, kwa sababu wiki ya tisa ilikuwa inakuja vyovyote vile. Hesabu hiyohiyo inazihusu dawa za matone ya gesi, maji ya dukani ya kutuliza tumbo na mitishamba ya chango. Kila kinachotolewa kwenye kilele huonekana kuponya. Mitishamba na maji ya ziada yana hatari ya kweli kwa mtoto wa chini ya miezi sita: huchukua nafasi ya maziwa, na huweza kuwa na vijidudu au kemikali ambazo ini lake haliziwezi.

Kilichopimwa kikaonekana kusaidia ni kumbeba. Katika jaribio la Hunziker na Barr lililofanywa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1986, watoto wenye afya waliobebwa kwa saa nyingi zaidi kila siku, hata wakati hawalii, walilia kwa asilimia 43 pungufu walipokuwa na wiki sita. Mzazi aliyezidiwa na kilio amkabidhi mtoto kwa mtu mwingine, au amlaze mahali salama apumue kidogo. Mtoto asitikiswe kamwe.

Kosa linapokuwa kweli la maziwa

Wapo watoto wachache ambao kinga ya mwili wao huishambulia protini ya maziwa ya ng'ombe. Huu ni mzio, na hauhusiani na laktosi. Dalili zake huja kwa makundi: damu au ute kwenye choo, kutapika, ukurutu mkali, vipele vya kuvimba, uzito kusimama. Kilio peke yake hakitoshi kuuthibitisha.

Ukielewa chanzo, utaelewa kwa nini baadhi ya tiba hazifai. Kopo lisilo na laktosi bado lina protini ileile. Maziwa ya mbuzi, yanayosifiwa kuwa mepesi, yana protini zinazofanana sana na za ng'ombe, hivyo wengi wenye mzio huathirika nayo pia. Na yakiwa mabichi kama yalivyo yana foleti kidogo mno, jambo linaloweza kuleta upungufu wa damu. Mtoto mwenye mzio huhitaji maziwa maalumu ambayo protini zake zimekatwakatwa, kwa maelekezo ya daktari. Ushauri huo utoke kwa mhudumu wa afya, si kwa muuzaji. Ndiyo roho ya Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala, na ya sheria ya Kenya ya mwaka 2012.

Kijiko, maji na moto

Kabla ya kubadili kopo, kagua namna linavyotayarishwa. Kila kopo lina kijiko chake, na kijiko cha kopo moja si kipimo cha jingine. Maji hutangulia, yapimwe, kisha unga uliosawazishwa bila kushindiliwa. Unga ukizidi, choo hukauka na figo huelemewa na chumvi. Ukipungua, kama inavyotokea pale kopo linapovutwa lifike mwisho wa mwezi, mtoto hukonda akionekana ameshiba, na maji yakizidi sana damuni anaweza kupata degedege.

Unga wa maziwa, hata kopo likiwa limefungwa, hauko huru na vijidudu. Bakteria kama kronobakta huweza kuwamo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji yachemshwe, kisha yatumike yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, yaani ndani ya nusu saa tangu kuchemka. Halafu maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Yaliyotayarishwa yatumike ndani ya saa mbili, na mabaki ya mlo yamwagwe. Kuhara kunakohusishwa na maziwa kukataana na mtoto huweza kuwa kumeanzia kwenye chupa iliyokaa.

Lini kuwahi hospitali

Matapishi ya kijani, matapishi yanayoruka mbali kila baada ya kula, damu kwenye choo, choo cheupe kama chokaa, tumbo lililovimba na kuwa gumu, homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, kukataa kula, au kulegea: hayo hayasubiri kesho wala kopo jingine.

Kwa siku za kawaida, kipimo cha kuaminika kiko kwenye kadi ya kliniki. Chakula kisichomeng'enywa hakijengi mwili, kwa hiyo uzito unaopanda kwa kufuata mstari ni ushahidi kwamba maziwa yanafika yanakotakiwa. Mtoto wa namna hiyo, anayelowesha nepi kama sita kwa siku, hata akilia jioni na kucheua begani, hahitaji kopo jipya. Anahitaji kipimo sahihi cha unga, mikono ya kumbeba, na wiki chache. Yule ambaye mstari wake umelala, hata kama ni mpole na halii, ndiye wa kupelekwa kwa muuguzi bila kungoja.